Visawe na Vinyume katika Historia ya Kufundisha Msamiati wa Kiingereza

Utangulizi

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki somo la msamiati wa Kiingereza limezoeleka kwa sura moja. Mwalimu huchora ubaoni jedwali lenye safu nne: ya kwanza ni ya neno, ya pili ni ya maana yake, ya tatu ni ya kisawe chake, na ya nne ni ya kinyume chake. Wanafunzi hulinakili jedwali hilo madaftarini, hulikariri nyumbani, na siku ya mtihani huulizwa ni neno lipi lenye maana sawa na "brave" au ni lipi lililo kinyume cha "generous". Jedwali limekuwa la kawaida mno hata aghalabu hakuna anayeuliza lilitoka wapi, lilitungwa na nani, wala lilikusudiwa kumfaa nani.

Makala hii inachunguza maswali hayo matatu. Hoja yake ni kwamba safu hizo nne hazikuzaliwa pamoja. Kila moja ilibuniwa katika zama zake kwa ajili ya msomaji maalumu, na zile mbili za mwisho, yaani visawe na vinyume, zilikuzwa hasa kwa ajili ya watu waliokijua Kiingereza tangu utotoni. Zilipohamishiwa kwa mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha hiyo, zilipoteza jambo ambalo waandishi wa mwanzo walilithamini kuliko mengine yote, nalo ni tofauti iliyopo baina ya neno na neno. Jambo hili haliwahusu walimu wa Kiingereza peke yao, kwani jedwali lile lile limekwisha kuingia katika ufundishaji wa Kiswahili.

Chimbuko la wingi wa visawe

Orodha za maneno yenye maelezo ni kongwe katika historia ya Kiingereza. Karibu na mwaka 1000, mtawa Ælfric aliandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza cha zama zake, na pamoja nayo ikawekwa faharasa ya maneno ya Kilatini yenye tafsiri. Maneno hayo hayakupangwa kwa kufuata alfabeti bali kwa mada: Mungu na mbingu, viungo vya mwili, jamaa na ukoo, ndege, samaki, wanyama na mimea. Yafaa kukumbuka kwamba aliyekusudiwa hapo alikuwa kijana wa Kiingereza aliyekuwa akijifunza lugha ya kigeni. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani, na Kilatini kilikuwa lugha ya shule, ya dini na ya cheo.

Hali ya msamiati ilibadilika sana baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa muda wa karne kadhaa Kifaransa kilitumika katika baraza la mfalme na mahakamani, Kilatini kiliendelea kuwa lugha ya kanisa na wasomi, na Kiingereza kikabaki midomoni mwa wakulima, mafundi na watumishi. Kiingereza kiliporudi katika nafasi yake ya juu, kilirudi kikiwa kimebeba maneno ya lugha zote tatu. Ndiyo sababu dhana moja huweza kuwa na majina matatu yenye asili mbalimbali. Kitenzi "ask" ni cha asili ya Kiingereza, "question" kilipitia Kifaransa, na "interrogate" kilitoka Kilatini. Vivumishi "kingly", "royal" na "regal" vina mpangilio huo huo. Ng'ombe akiwa malishoni huitwa "cow", neno la mchungaji. Nyama yake ikifika mezani huitwa "beef", neno la bwana aliyeandaliwa.

Visawe hivyo, basi, havikuwa pambo la lugha tu. Kila kimojawapo kilikuwa na alama ya watu waliokitumia na mahali kilipotumiwa. Mama humwuliza mtoto wake kwa "ask", lakini askari wa upelelezi humhoji mshukiwa kwa "interrogate". Anayedhani kwamba maneno hayo ni sawa kwa sababu yamewekwa katika mstari mmoja wa jedwali hajafundishwa lile linaloyatenga.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Lugha yake nayo imepokea maneno ya Kiarabu juu ya msingi wa Kibantu, na mara nyingine imeyaweka yote mawili. Ana "kenda" na "tisa", ana "kifo" na "mauti". Husema kwamba mtu amekufa, amefariki au ameaga dunia, lakini mbuzi hufa tu. Atakayesema kwamba mbuzi wake amefariki atachekwa hata na watoto. Hakuna aliyewafundisha watoto hao tofauti hiyo kwa jedwali. Waliipata kwa kuyasikia maneno yakitumiwa mahali pake.

William Caxton, aliyeleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, alisimulia katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokwama katika Mto Thames kwa kukosa upepo, wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao aliomba mayai kwa kutumia neno "egges". Mwanamke aliyeombwa akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Haja ya wasafiri ilieleweka tu pale mwingine alipotumia neno "eyren", lililokuwa la kawaida sehemu hiyo. Maneno yote mawili yalikuwa ya Kiingereza, na yote mawili yalimaanisha mayai, lakini kila moja lilikuwa na watu wake.

Kamusi za maneno magumu

Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walizidi kuazima maneno kutoka Kilatini na Kigiriki, na mabishano makali yakazuka. Wengine waliona kwamba lugha inatajirika. Wengine waliwashutumu waandishi kwa kutumia maneno ambayo hata mama zao wasingeyaelewa. Mabishano hayo yalizaa haja mpya: Mwingereza sasa alihitaji kuelezwa maneno ya Kiingereza.

Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule na kasisi, alichapisha A Table Alphabeticall, kitabu ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500. Anwani yake ndefu ilieleza wazi kwamba kilikusanya maneno magumu yaliyotoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na kwingineko, na kwamba kilikusudiwa kuwafaa mabibi na watu wengine wasio na ujuzi mwingi. Njia aliyoitumia Cawdrey ilikuwa nyepesi: neno gumu lilifafanuliwa kwa neno moja au mawili mepesi yenye maana ya karibu. Hapo ndipo safu ya kwanza na ya pili za jedwali zilipokutana katika Kiingereza, na kutoka hapo maana na kisawe vikaanza kuchukuliwa kuwa kitu kimoja.

Njia hiyo ilimfaa msomaji wa Cawdrey kwa sababu neno lile jepesi lilikuwa lake tayari. Alilitumia jikoni na sokoni kila siku, naye alihitaji kamba tu ya kulifungia neno geni kwenye neno alilolizoea. Msomaji asiye na neno jepesi hana mahali pa kuifungia kamba hiyo. Tofauti hii baina ya wasomaji wawili ndiyo kiini cha historia yote inayofuata.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000, alikuwa amekwisha kuuona upungufu wa kufafanua neno kwa neno. Katika dibaji yake alikiri kwamba ni nadra maneno mawili kuwa sawa kabisa, na kwamba maneno mepesi ndiyo yaliyo magumu zaidi kuelezwa, kwa kuwa hakuna yaliyo mepesi zaidi ya kuyaelezea. Tiba aliyoitumia ilikuwa mifano. Alikusanya dondoo zaidi ya 110,000 kutoka kwa waandishi mbalimbali ili msomaji alione neno likiwa kazini. Safu ya mfano, ambayo haimo katika jedwali la ubaoni, ilikuwa uti wa mgongo wa kamusi ya Johnson.

Waandishi waliokanusha usawa

Karne ya 18 ilileta pia aina nyingine ya vitabu, yaani vitabu vya visawe. Chanzo chake kilikuwa Ufaransa. Mwaka 1718 Padri Gabriel Girard alitoa kitabu juu ya usahihi wa lugha ya Kifaransa, ambamo aliyachukua maneno yanayodhaniwa kuwa na maana moja na kuonyesha namna kila moja linavyotofautiana na jirani yake. Mwaka 1766 John Trusler aliifuata njia hiyo kwa Kiingereza, na anwani ya kitabu chake ilitaja waziwazi tofauti baina ya maneno yanayohesabiwa kuwa visawe. Lengo la vitabu hivi halikuwa kumpa mtu neno la kulishika badala ya jingine. Lilikuwa kumzuia asilishike pasipostahili.

Miongoni mwa waandishi wa fani hii, Hester Lynch Piozzi anastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee. Bibi huyu alikuwa rafiki wa Johnson kwa miaka mingi, na mwaka 1784 aliolewa na Gabriel Piozzi, mwanamuziki Mwitalia. Kitabu chake cha visawe vya Kiingereza, British Synonymy, kilitoka mwaka 1794 katika majuzuu mawili. Kilihusu uchaguzi wa maneno katika mazungumzo ya kawaida, na kiliwafikiria wageni waliokuwa wakiisikia lugha hiyo na kushindwa kujua ni neno lipi lifaalo wakati gani. Badala ya orodha, Piozzi aliandika maelezo marefu yaliyojaa visa na sentensi. Alitambua kwamba mgeni anayejua maneno matatu kwa dhana moja yumo katika hatari ya kukosea kuliko yule anayejua moja.

George Crabb aliendeleza kazi hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1816, kilichotumiwa na vizazi vingi vya wasomaji. Naye vilevile aliyapanga maneno ya maana ya karibu kwa makundi, kisha akaeleza mipaka yake. Tangu Girard hadi Crabb, kwa hiyo, kitabu cha visawe kilikuwa kitabu cha tofauti. Mwalimu anayeandika leo alama ya usawa baina ya maneno mawili ubaoni anafanya kinyume cha walioianzisha fani anayoifundisha.

Roget na safu ya vinyume

Kitabu kilichobadili mkondo huo ni Thesaurus ya Peter Mark Roget. Roget alizaliwa mwaka 1779 na kazi yake ilikuwa udaktari. Alianza kujitungia orodha ya maneno mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, akaiweka kando kwa miaka mingi, akairudia baada ya kustaafu, na hatimaye akaichapisha mwaka 1852. Aliyagawa maneno katika matabaka makuu sita na vichwa 1,000. Pale ilipowezekana, dhana zinazopingana ziliwekwa safu kwa safu, moja upande huu wa ukurasa na mwenzake upande wa pili. Msomaji aliyekuwa akitafuta maneno ya uhai aliyaona ya mauti hapo hapo.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Roget hakutoa maana ya neno lolote. Hakuwa na haja hiyo, kwani kitabu chake kilimkusudia mwandishi au msemaji aliyekwisha kuyajua maneno yote, ila lile analolihitaji lilikuwa limemponyoka kwa wakati huo. Akiyapitia maneno ishirini yaliyopangwa pamoja, sikio lake lenyewe lingemwambia lipi ni lake. Mwanafunzi ambaye sikio lake bado halijazoea lugha akipewa orodha hiyo hiyo, hana cha kumwongoza. Kwa kawaida huchagua neno refu zaidi, akidhani kwamba ndilo lenye elimu zaidi.

Kuhusu vinyume Roget alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata. Katika utangulizi wake alionyesha kwamba neno moja huweza kuwa na vinyume zaidi ya kimoja kulingana na uhusiano unaoangaliwa. Alitoa mfano wa "old", ambalo kinyume chake ni "new" likihusu vitu na "young" likihusu viumbe wenye uhai. Miaka michache baadaye, mwaka 1867, kasisi Charles John Smith alichapisha kitabu cha visawe na vinyume, naye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia neno "antonym" katika maandishi. Tangu wakati huo istilahi hizo mbili, "synonym" na "antonym", zikatembea pamoja kama pacha, na safu ya nne ya jedwali ikapata jina.

Marekebisho yaliyotoka Asia

Ukosoaji wa maana wa orodha za maneno haukuanzia Uingereza kwenyewe bali katika nchi ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya kigeni. Michael West alikuwa mwalimu na msimamizi wa elimu huko Dacca, katika Bengal iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Aliona kwamba watoto wengi waliacha shule mapema, wakiwa wametumia miaka kadhaa katika Kiingereza bila kuweza kusoma kitabu kimoja kwa manufaa. Katika kazi yake ya mwaka 1926 juu ya matumizi ya lugha mbili aliuliza swali ambalo halijazeeka: mtoto anayeacha shule baada ya miaka miwili au mitatu anaondoka na faida gani? Jibu lake lilikuwa kuchagua maneno machache yanayotumika sana na kuyarudiarudia katika hadithi zinazosomeka.

Wakati huo uchaguzi wa maneno ulikuwa umekwisha kupata msingi wa hesabu. Mwaka 1921 Edward Thorndike wa Marekani alitoa orodha ya maneno 10,000 kwa walimu, iliyotokana na kuhesabu maneno yapatayo milioni nne na nusu katika maandishi mbalimbali. Huko Tokyo, Harold Palmer, aliyefika Japani mwaka 1922, aliongoza taasisi ya utafiti wa kufundisha Kiingereza na kushughulikia hasa namna maneno yanavyoandamana. Wataalamu hawa walikutana New York mwaka 1934, na matokeo ya mwisho ya mashauriano yao yalikuwa orodha ya West ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi yapatayo 2,000. Orodha hiyo haikutaja neno tu. Ilionyesha pia kila maana ya neno hutokea kwa asilimia ngapi, ili mwalimu ajue ni ipi ya kutangulizwa.

C. K. Ogden alifuata njia nyingine. Mwaka 1930 alitangaza Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850. Katika maneno 150 ya sifa, 50 yaliwekwa mahsusi kuwa vinyume vya mengine. Huu ulikuwa ushindi mkubwa wa safu ya nne, lakini ulikuwa na gharama. Vitenzi vilipunguzwa mno, na mwanafunzi akalazimika kuvifidia kwa mafungu kama "give up" na "put up with", ambayo maneno yake ni mepesi na maana zake ni ngumu. West alikuwa miongoni mwa waliompinga.

Kazi mbili za kamusi zilitokana na uzoefu huo wa Asia. Mwaka 1935 West na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na mafungu yapatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi mgeni alihakikishiwa kwamba maelezo hayatakuwa magumu kuliko neno linaloelezwa. Kamba ya Cawdrey ikapata mahali pa kufungwa. Kisha mwaka 1942, nchi zao zikiwa vitani, kamusi ya A. S. Hornby na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield ilichapishwa Tokyo. Hornby alikuwa amefundisha Japani tangu mwaka 1924. Kamusi hiyo ilionyesha kitenzi huchukua muundo gani wa sentensi na nomino ipi huhesabika, mambo ambayo mzawa hayaulizi na mgeni hawezi kuyakisia. Chuo Kikuu cha Oxford kiliichapisha upya mwaka 1948, na matoleo yake yaliyofuata ndiyo yaliyoenea katika shule za Afrika.

Jedwali katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki kamusi za kwanza zenye Kiingereza na Kiswahili zilikuwa na mwelekeo wake maalumu. Kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870, chenye orodha za maneno kwa pande zote mbili, kilimkusudia Mwingereza aliyetaka kujifunza Kiswahili cha Unguja. A. C. Madan aliendeleza kazi hiyo kwa kamusi zake za mwaka 1894 na 1903, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikazijenga upya chini ya Frederick Johnson, zikatoka mwaka 1939. Mwafrika aliyejifunza Kiingereza alizitumia kwa kuwa ndizo zilizokuwapo, mara nyingi akiingilia mlango wa nyuma wa nyumba iliyojengewa mtu mwingine.

Nchini Kenya Kiingereza kilipata nguvu zaidi katika shule za msingi tangu mwaka 1957, Kituo Maalumu kilipoanzishwa Nairobi, na mbinu mpya ya kufundishia ikaenea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika miaka ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliwapima watoto Kiingereza na Kiswahili pamoja, na uliendelea hadi mwaka 2023.

Maswali mengi ya mtihani huo yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na mfumo wa namna hiyo huipenda safu ya visawe na safu ya vinyume kuliko kitu kingine. Kisawe kimoja ni jibu sahihi; vitatu vilivyobaki ni makosa. Hakuna nafasi ya kuuliza "katika sentensi ipi?" Kwa hiyo tahadhari ya Johnson, ya Piozzi, ya Roget na ya West ikaachwa nje ya chumba cha mtihani, na mwalimu aliyewajibika kwa matokeo ya wanafunzi wake akafundisha kilichoulizwa. Si haki kumlaumu yeye peke yake.

Kilichopotea njiani

Madhara yake huonekana pale Kiingereza na Kiswahili vinapokutana kichwani mwa mwanafunzi. Kivumishi "-refu" kinatosha kuwa mfano. Mtu ni mrefu, kamba ni ndefu, mlima ni mrefu na kisima ni kirefu. Kiingereza hudai "tall" kwa mtu, "long" kwa kamba, "high" kwa mlima na "deep" kwa kisima. Kinyume cha "-refu" ni "-fupi", lakini katika Kiingereza vinyume ni "short" kwa mtu na kamba, "low" kwa mlima na "shallow" kwa kisima. Jedwali lenye mstari mmoja wa "long" na "short" halimpi mtoto lolote kati ya haya. Tena linamthibitishia dhana kwamba neno moja la kwao linalingana na neno moja la ugenini.

Vinyume vyenyewe navyo si vya namna moja, kama John Lyons alivyochambua kwa kirefu katika kazi yake ya mwaka 1977. Baina ya "moto" na "baridi" kuna "vuguvugu", kwa hiyo maji yasiyo ya moto si lazima yawe baridi. Wala asiye tajiri si lazima awe maskini. Baina ya "hai" na "maiti" hakuna cha kati. "Nunua" na "uza" ni tendo moja likitazamwa na watu wawili. "Funga" na "fungua" ni tendo na utanguzi wake. Kwa aina hii ya mwisho Kiswahili kina utajiri wake: kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua, fumba na fumbua, choma na chomoa. Mwalimu wa Kiingereza angeweza kuanzia hapo kueleza kiambishi "un-" cha "untie" na "unfold", kwani mwanafunzi anayo mantiki hiyo tayari katika lugha yake. Hata hivyo jedwali huziweka aina zote nne chini ya kichwa kimoja, na Kiswahili chenyewe kikifundishwa kwa jedwali hilo huupoteza mpango wake mzuri wa mnyambuliko.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza hoja nyingine. Thomas Tinkham mwaka 1993, na Rob Waring mwaka 1997 aliyerudia majaribio hayo kwa wanafunzi wa Kijapani, walionyesha kwamba maneno mapya yenye uhusiano wa maana, yakifundishwa kwa pamoja, huchukua muda mrefu zaidi kushikwa kuliko maneno yasiyohusiana, kwa kuwa huingiliana akilini. Mtoto anayefundishwa "borrow" na "lend" siku moja huweza kuvichanganya kwa miaka. Hasa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye kitenzi "azima" kimemtosha kwa kuchukua na kwa kutoa, humwambia mwalimu "borrow me a pen" bila kuhisi kosa.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa haisemi kwamba visawe na vinyume vifutwe katika masomo. Inaonyesha kwamba vina wakati wake. Mwanafunzi anayeanza anahitaji neno moja linalotumika sana, ndani ya sentensi, lirudiwe hadi liwe lake. Akishakuwa nalo, kisawe huja kama jirani mpya wa kupambanuliwa, na kinyume huja pamoja na jina la kitu kinachosifiwa: "old" ya mzee, "old" ya nguo kuukuu. Jedwali likibakishwa, basi lipewe safu ya tano, ya sentensi, nayo ndiyo itangulie kujazwa.

Kwa upande wa Kiswahili suala hili lina uzito zaidi. Johnson alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na mwaka 1998 Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed wakachapisha Kamusi ya Visawe. Msingi wa kuwataja jirani wa kila neno umekwisha kuwekwa. Hatua ambayo Girard, Trusler na Piozzi waliichukua kwa lugha zao bado inangoja kuchukuliwa kwa ukamilifu katika Kiswahili, nayo ni kueleza, kundi kwa kundi, kwa nini mtu hufariki na mbuzi hufa, na wapi "mwandani" hawezi kushika nafasi ya "rafiki". Wazee wanaozijua tofauti hizo bila kamusi wanapungua mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wanaopewa alama ya usawa badala yake wanaongezeka.